Kiharusi na Ushahidi wa Damu: Historia Kutoka Bonde la Kilombero

Kiharusi ni jina moja linalobeba maradhi mawili. Katika la kwanza, donge la damu huziba mshipa unaolisha ubongo, na sehemu iliyokatiwa damu huanza kufa kwa kukosa oksijeni. Katika la pili mshipa hupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo. Kwa macho, wagonjwa wa aina hizi mbili hawatofautiani: mdomo umekwenda upande, mkono na mguu vya upande mmoja vimelegea, maneno hayatoki sawasawa. Tiba zao, hata hivyo, zinapingana. Dawa ya kuyeyusha donge humwokoa wa kwanza na inaweza kumuua wa pili. Kushusha presha kwa haraka humsaidia wa pili na huenda kukamwongezea madhara wa kwanza. Kwa sababu hiyo, historia ya utambuzi wa kiharusi ni historia ya kutafuta njia ya kuona ndani ya fuvu bila kulifungua. Picha ilitangulia. Damu inafuata nyuma yake, na bado iko njiani.

Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, lina sababu zake za kuingia katika historia hii. Limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mji wake mkubwa, Ifakara, uko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wamelima mpunga na kuvua samaki humo kwa vizazi. Baadaye reli ya TAZARA na mashamba ya miwa yakaleta watu wa kila kabila. Mtu anayepooza akiwa shambani Malinyi au Mlimba wakati wa masika ana maji, tope na saa nyingi za barabara kati yake na kitanda cha hospitali. Na bonde hilihili ni miongoni mwa mahali pa Afrika Mashariki ambapo damu ya binadamu imechunguzwa kwa muda mrefu na kwa bidii kubwa.

Kazi hiyo ilianzia misheni. Wakapuchini kutoka Uswisi walishika shughuli za Kanisa Katoliki katika eneo hilo baada ya Wabenediktini Wajerumani kuondolewa kufuatia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na huduma yao ya tiba mjini Ifakara ikakua kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1949 alifika hapo Rudolf Geigy, mwanazoolojia wa Basel na mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1943. Geigy alitafuta mahali ambapo wadudu, vimelea na wagonjwa wangeweza kuchunguzwa pamoja, naye akapaona Ifakara. Katikati ya miaka ya 1950 taasisi yake ilijenga maabara ndogo karibu na hospitali. Miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha sana Geigy ni papasi, kupe laini wa nyumba za udongo wanaoeneza homa ya vipindi, pamoja na mbung'o na vimelea vya malale. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, kilifunguliwa hapohapo kituo cha kuwafundisha waganga wasaidizi wa vijijini, kilichogharamiwa na viwanda vya dawa vya Basel.

Kilichofundishwa katika kituo hicho na kutendwa katika maabara kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ufundi wa kusoma damu. Tone lilichukuliwa kidoleni, likapakwa kwenye kioo, likatiwa rangi aliyoibuni Gustav Giemsa mjini Hamburg mwanzoni mwa karne ya 20, kisha likawekwa chini ya hadubini. Vimelea vya malaria, vya malale na vya homa ya papasi vyote vilionekana kwa njia hiyo moja. Mazoea yakajengeka kutoka hapo: mgonjwa akiletwa amepoteza fahamu, au akiweweseka, au mtoto akiwa na degedege, damu ndiyo iliyoulizwa kwanza.

Jibu la damu lilikuwa na mtego ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya bonde walikadiria kuwa mtu mmoja aliweza kuumwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka na mbu wenye vimelea. Katika hali hiyo mtoto anayecheza uwanjani, asiye na homa, naye angeonekana na vimelea katika damu. Kioo chenye vimelea kilithibitisha kwamba vimelea vipo. Hakikuthibitisha kwamba ndivyo vilivyomlaza mgonjwa. Uzito wa tofauti hiyo ulidhihirika mwaka 2004 nchini Malawi, pale uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliotambuliwa kitabibu kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo ulipoonyesha kuwa 7 kati yao walikuwa na sababu nyingine ya kifo. Ugonjwa ulikuwa kichwani, ushahidi ukachukuliwa kidoleni, na viwili hivyo havikulingana.

Njia ya kuurekebisha ushahidi huo ilitokana na protini. Kimelea cha malaria kali humwaga katika damu protini iitwayo HRP2, ileile inayokamatwa na kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kinachotumika leo katika zahanati za Tanzania. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha watoto wa nchi kadhaa za Afrika, wakiwemo wa Muheza na Korogwe mkoani Tanga: kiasi cha protini hiyo katika plazma kilisaidia kumtenga mtoto ambaye malaria ndiyo inayomuua na yule ambaye vimelea vimemkuta tu akiwa na ugonjwa mwingine. Kuwepo kwa protini hakukutosha. Ilibidi ipimwe wingi wake. Watafutaji wa kipimo cha kiharusi walilazimika kujifunza somo hilohilo.

Uhusiano wa kwanza kati ya molekuli ya damu na kiharusi chenyewe ulipatikana mapema zaidi, na unaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa wa seli mundu ni tofauti na ya watu wengine, wakauita ugonjwa huo ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kuwa watu wanaorithi jeni ya seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, jambo linaloeleza kwa nini jeni ya mundu imeshamiri katika mabonde na pwani zenye mbu wengi. Mtoto anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huwa mgonjwa, na kiharusi ni mojawapo ya balaa kubwa zinazomwandama, hata kabla hajaanza shule. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wa aina hiyo kila mwaka.

Hapa damu hutoa onyo kabla ya tukio. Kipimo cha hemoglobini humtaja mtoto aliye hatarini, na kipimo cha mawimbi ya sauti kwenye mishipa ya kichwa huonyesha ni yupi kati ya hao anayekaribia kupooza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulithibitisha kuwa kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wenye kasi kubwa ya damu katika mishipa hiyo hupunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2004 Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia kwa utaratibu wagonjwa wa seli mundu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kundi ambalo limekuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani kwa ugonjwa huo. Katika sura zote za historia hii, hii ndiyo ambamo kipimo cha damu kimekwisha kutimiza ahadi yake. Kwa bahati mbaya, sura hii inahusu sehemu ndogo tu ya wagonjwa. Kwa mtu mzima mwenye presha hemoglobini haina la kusema.

Kiharusi cha watu wazima kilichelewa kuhesabiwa. Kwa miongo mingi madaktari wa Afrika walifundishwa kuwa ni ugonjwa wa nchi tajiri. Hesabu za kwanza za uhakika nchini Tanzania zilitoka katika mradi uliofuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini. Katika miaka mitatu kuanzia 1992, vifo 7,629 vya watu wa miaka 15 na zaidi viliandikwa, na 421 kati yake vilitokana na kiharusi. Wengi wa waliokufa hawakuwahi kupigwa picha ya kichwa. Sababu ya kifo ilipatikana kwa mahojiano na wafiwa: alianguka vipi, upande gani ulikufa ganzi, alikaa siku ngapi. Ni njia inayostahili heshima, maana bila hiyo vifo hivyo visingejulikana kabisa. Ila mfiwa hawezi kujua kama mshipa wa marehemu uliziba au ulipasuka.

Kati ya 2003 na 2006 Richard Walker na wenzake, Watanzania na Waingereza, walirudi Hai na Dar es Salaam wakiwatafuta wagonjwa wapya nyumba kwa nyumba na hospitali kwa hospitali. Walipata viharusi 636 katika miaka mitatu. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, kiwango cha mwaka kilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 huko Hai na 315.9 Dar es Salaam, na hicho cha pili ni miongoni mwa viwango vikubwa vilivyowahi kuripotiwa popote. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU yaliandamana na uwezekano wa kiharusi zaidi ya mara 5. Katika maeneo hayohayo Gerry Mshana na wenzake waliwauliza watu kiharusi kinatoka wapi. Dar es Salaam wengi walikihusisha na mapepo na uchawi, Hai wengi walitaja sababu za mwili. Majibu hayo huamua mgonjwa anapelekwa wapi kwanza, na kwa hiyo anafika hospitali saa ya ngapi.

Ifakara nayo ilikuwa inahesabu. Mwaka 1996 maabara ya Waswisi iligeuka kuwa kituo cha utafiti chini ya udhamini wa Watanzania, ambacho tangu 2008 kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka huohuo wa 1996, kwa ajili ya mradi wa vyandarua vyenye dawa, ulianza ufuatiliaji wa kudumu wa kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga: nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa na kwa nini. Vyandarua vilipunguza vifo vya watoto. Vitabu vya ufuatiliaji vikaanza kuonyesha jambo lingine pia. Uchambuzi wa vifo vya watu wazima vya 2003 hadi 2007 uliona sehemu ya magonjwa yasiyoambukiza ikipanda. Bonde lililojulikana duniani kwa malaria lilikuwa limeingia katika zama za presha na kiharusi bila kuiaga malaria.

Wakati huo nchi tajiri tayari zilikuwa na jibu lao. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield ilipiga picha ya kwanza ya CT ya kichwa cha mgonjwa. Damu iliyomwagika ndani ya ubongo ilionekana nyeupe, wazi, kwa dakika chache. Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani uliowahusisha wagonjwa 624 ulionyesha kuwa dawa ya kuyeyusha donge, ikitolewa ndani ya saa tatu tangu dalili zianze, huongeza idadi ya wanaopona bila ulemavu mkubwa. Tangu hapo kiharusi kikawa ugonjwa wa kukimbizana na saa, na CT ikawa mlango ambao kila mgonjwa sharti aupite.

Kwa asiye na mashine, mlango huo ulikuwa umefungwa. Madaktari walijaribu kubuni mizani ya dalili. Ile ya hospitali ya Siriraj nchini Thailand, iliyochapishwa mwaka 1991, ilijumlisha fahamu, kutapika, maumivu ya kichwa, presha na historia ya kisukari au ugonjwa wa moyo, kisha ikatoa alama. Ilipopimwa dhidi ya CT katika hospitali za Afrika ilikosea mara nyingi mno kiasi kwamba haikufaa kuamulia tiba. Na picha yenyewe ina muda wake: damu iliyomwagika hufifia, na baada ya wiki moja au mbili CT huenda isiweze tena kusema kilichotokea. Tanzania ilikuwa na mashine chache sana za CT, karibu zote katika miji mikubwa, hadi serikali ilipoanza kuzipeleka katika hospitali za rufaa za mikoa baada ya janga la UVIKO-19.

Wazo la kuuliza damu lilikuwa na mfano wa kutia moyo, nao ni moyo wenyewe. Msuli wa moyo ukifa, protini iitwayo troponini huingia katika damu, na kipimo chake kimekuwa msingi wa utambuzi wa shambulio la moyo duniani kote. Kwa nini ubongo usiwe na chake? Mwaka 1965 Blake Moore wa St. Louis, Marekani, alitenga kutoka ubongo wa ng'ombe protini aliyoiita S100, kwa kuwa iliyeyuka katika chumvi iliyokolea kwa asilimia 100. Mwaka 1987 kundi la Waswidi likaripoti kuwa protini hiyo na nyingine iitwayo NSE hupanda katika damu ya waliopata kiharusi. Matumaini yalikuwa makubwa.

Lakini ubongo si moyo. Kati yake na damu upo ukuta wa seli zilizobanana, unaozuia protini kupita kwa saa za mwanzo, ambazo ndizo saa za tiba. Ubongo una aina nyingi za seli, na kila moja hufa kwa namna yake. Tena, athari ya kiharusi hutegemea mahali kuliko ukubwa: kovu dogo katika shina la ubongo linaweza kumlaza mtu maisha yake yote huku likimwaga protini kidogo isiyopimika. S100 ilipanda, ndiyo, lakini ilipanda polepole, kilele chake kikija siku ya pili au ya tatu, wakati ambapo kila aliyesimama kando ya kitanda ameshajua kilichotokea. Zaidi ya hayo inapatikana pia katika mafuta ya mwili na katika saratani za ngozi.

Protini moja ilipokosa kutosha, watafiti walizikusanya. Mwaka 2003 kampuni ya Biosite ya San Diego ilitangaza kuwa imepima viashiria zaidi ya 50 na kubaki na vitano ambavyo, vikiunganishwa, vilitambua kiharusi kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Toleo lililofuata, lenye D-dimeri, BNP, MMP-9 na S100B, lilijaribiwa katika hospitali nyingi kwa zaidi ya wagonjwa 1,000 na matokeo kuchapishwa mwaka 2009. Usahihi uliporomoka. Kipimo kiliwanasa wagonjwa wengi wa kiharusi, ila kiliwanasa pia wengi wasio nacho. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi kipimo kinapotoka kwa wagonjwa waliochaguliwa na kwenda kwa yeyote anayeingia mlangoni. Wengine waligeukia jeni: mwaka 2005 na 2006 maabara za Marekani zilionyesha kuwa chembe nyeupe za damu hubadili jeni zinazozifanyia kazi ndani ya saa chache baada ya mshipa kuziba. Elimu hiyo ni ya thamani, ila mitambo yake bado ni ya vyuo vikuu.

Kiashiria kilichodumu kilitoka kwenye swali lililopunguzwa. Badala ya kuuliza kama mtu ana kiharusi, Christian Foerch na wenzake huko Frankfurt waliuliza ni cha aina gani. Walichagua GFAP, protini iliyotengwa na Lawrence Eng yapata mwaka 1970, ambayo hujenga kiunzi cha astrosaiti, seli zinazoshikilia na kulisha neva. Mantiki yao inaeleweka kirahisi. Mshipa ukipasuka, damu huchana astrosaiti papo hapo na kubomoa ukuta wa kinga, hivyo GFAP humwagika ndani ya saa ya kwanza. Mshipa ukiziba, seli hufa taratibu na protini huanza kupanda baada ya nusu siku au zaidi. Mwaka 2006 waliripoti wagonjwa 135 waliopimwa ndani ya saa sita: GFAP ilionekana katika 34 kati ya 42 waliovuja damu, na katika 5 tu kati ya 93 walioziba mshipa. Utafiti mpana zaidi wa Ujerumani, mwaka 2012, wenye wagonjwa 205, ulipata kuwa kipimo kiliwatambua waliovuja damu kwa asilimia 84, na kiliwaondoa wasiovuja kwa asilimia 96.

Kasoro iliyobaki ilikuwa ya kifaa: upimaji ulihitaji maabara kubwa na saa kadhaa. Ajali za kichwa ndizo zilizoleta ufumbuzi. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha kipimo cha GFAP na protini nyingine kwa waliogongwa kichwa, na kufikia 2021 kifaa cha kushika mkononi kilikuwa kinatoa jibu kutoka plazma kwa takriban dakika 15. Watafiti wa kiharusi wakakichukua kifaa hicho na kukijaribu kwa wagonjwa wao.

Wakati Wajerumani wakipima GFAP, Ifakara ilikuwa ikijenga hazina ya aina nyingine. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU, na katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikafunguliwa kliniki ya magonjwa sugu. Wagonjwa wake, kutoka Kilombero na Ulanga, waliandikishwa katika kundi la ufuatiliaji liitwalo KIULARCO, na plazma yao ikagandishwa na kuhifadhiwa. Faida ya hifadhi hiyo ilionekana. Watafiti waliirudia plazma ya zamani ya wagonjwa 750 wenye kinga iliyoshuka sana, wakaipima kwa utepe unaokamata antijeni ya fangasi wa homa ya uti wa mgongo, na kukuta kuwa takriban 4 katika kila 100 walikuwa tayari wanabeba ugonjwa huo kimyakimya. Kwa mara nyingine katika bonde hili, maradhi ya ubongo yalitambuliwa kutoka damu, na safari hii mapema kiasi cha kuweza kuzuiwa.

Kliniki hiyohiyo ilipima presha. Kati ya watu 955 walioandikishwa kabla ya kuanza dawa za VVU, asilimia 11.6 tayari walikuwa na shinikizo la juu, na wengine 80 walilipata wakati wa ufuatiliaji. Baadaye Ifakara, pamoja na Lesotho, ilishiriki katika jaribio la kulinganisha namna za kuanza tiba ya presha kwa Waafrika, wenye VVU na wasio navyo. Presha ndiyo chanzo kikuu cha mishipa ya ubongo kupasuka, kwa hiyo kundi hilo la wagonjwa ndilo ambalo kipimo cha kutenganisha aina za kiharusi kingelifaa zaidi.

Kingefanya kazi? Viashiria vya lile kusanyo la 2009 vina mashaka makubwa hapa. D-dimeri hupanda kwa malaria, kwa kifua kikuu na kwa VVU. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kwa wenye VVU inatabiri hata kifo. MMP-9 hupanda kwa maambukizi ya kila namna, na BNP kwa moyo ulioshindwa kazi, tatizo linaloandamana na presha isiyotibiwa. Kipimo kilichosawazishwa kwa damu ya San Diego kingepiga kelele kwa nusu ya wodi. GFAP iko katika nafasi nzuri zaidi kwa kuwa hutoka karibu yote katika mfumo wa neva. Hata hivyo jeraha lolote la ubongo huweza kuipandisha, ajali ya bodaboda ikiwemo, na magonjwa ya kitropiki yana majeraha yake: huko Kampala watafiti waliopima protini ya tau kwa watoto wa malaria ya ubongo waliikuta imepanda kwa sababu neva zao ziliumia, pasipo kiharusi.

Muda nao ni kikwazo kizito, pengine kuliko vyote. GFAP hutenganisha aina mbili za kiharusi katika saa za mwanzo pekee. Kesho yake huwa imepanda kwa wote. Daraja la Mto Kilombero, lililochukua nafasi ya kivuko, limefupisha njia ya wagonjwa wa Ulanga na Malinyi, lakini anayelala nyumbani usiku mzima akisubiri ganzi iondoke, au anayepitishwa kwanza kwa mganga, hufika wakati jibu la damu limeshachafuka. Kwa hiyo kipimo cha namna hii kinafaa kuwekwa karibu na mgonjwa, kwenye kituo cha afya au kwenye gari la wagonjwa, kuliko kukisubirisha katika hospitali ya rufaa.

Wapo wanaouliza kina faida gani mahali ambapo dawa ya kuyeyusha donge haipatikani. Faida ipo. Aspirini, ambayo hata zahanati huweza kuwa nayo, hupunguza vifo na viharusi vya marudio kwa walioziba mshipa, na daktari asiyejua aina ya kiharusi husita kuitoa. Kuhusu presha, jaribio lililofanywa katika magari ya wagonjwa nchini China kwa watu zaidi ya 2,400, lililochapishwa mwaka 2024, lilionyesha kuwa kuishusha haraka kabla ya kufika hospitali kuliwasaidia waliovuja damu na kuwadhuru walioziba mshipa. Kwa jumla ya wote, faida na hasara zikafutana. Dawa za presha zipo Kilombero. Kinachokosekana ni kujua nani apewe saa ile.

Afrika imeanza kukusanya ushahidi wake. Tangu 2014 mtandao wa SIREN, ulioongozwa na Mayowa Owolabi wa Ibadan na Bruce Ovbiagele, umehifadhi damu na picha za maelfu ya wagonjwa wa Nigeria na Ghana, na mwaka 2018 ulionyesha kwa jozi 2,118 za wagonjwa na wasio wagonjwa kuwa presha inaongoza vyanzo vyote vya hatari. Upande wa mashariki mwa bara una malaria, VVU na umbali wake wenyewe, na matokeo ya Ibadan hayawezi kuazimwa yalivyo, sembuse ya Frankfurt.

Miongozo ya tiba ya kiharusi bado inaitaka picha ya kichwa kabla ya kuamua tiba, na hakuna kipimo cha damu kilichopewa nafasi yake. Kitakachodai nafasi hiyo Afrika Mashariki sharti kwanza kipimwe kwa wagonjwa wa hospitali kama ile ya Ifakara, wenye VVU na wasio navyo, wenye vimelea na wasio navyo, walioletwa kwa saa mbili na walioletwa kwa saa kumi, na picha za CT zikiwa shahidi wa kila jibu.